Ng'ombe Walioingia Shambani Usiku: Njia ya Amani Baina ya Mkulima na Mfugaji wa Kilosa

Ndugu msomaji, tuseme kwamba wewe ni mkulima wa Mvumi, na leo umetoka baada ya sala ya alfajiri kwenda kulitazama shamba lako la mpunga, ulilolitunza kwa maji ya mfereji kiangazi chote. Jana jioni uliliacha likiwa zima, masuke yakianza kuinama. Leo wakuta tuta limebomoka, matope yamevurugwa, na nusu ya mpunga imelala chini pamoja na samadi mbichi. Huna haja ya kuambiwa ni nini kilichopita hapo. Nyayo zaonekana wazi, nazo zaelekea mbugani.

Sasa tuseme kwamba wewe ni mfugaji, na boma lako li mwendo wa saa mbili kutoka shamba hilo. Kijana uliyempa zamu ya kulinda zizi alishikwa na usingizi. Ng'ombe ishirini, ambao kwa siku kadha hawakuona majani mabichi, walisikia harufu ya maji na mpunga, wakaenda. Asubuhi waletewa habari kwamba ng'ombe wako wamekamatwa, wamefungiwa kijijini, na watu wenye marungu wamewazunguka.

Mvumi ni kata ya wilaya ya Kilosa, katika mkoa wa Morogoro, kaskazini ya mji wa Kilosa. Asubuhi kama hiyo si ngeni huko, wala si ngeni Rudewa, Msowero, Dumila au Tindiga. Nia ya makala haya ni kueleza jambo moja tu: ya kuwa usalama wa nchi yote ile hutegemea jinsi asubuhi hiyo inavyoamuliwa. Ikiwa yaamuliwa kwa haki na kwa upesi, jioni watu watalala. Ikiwa yauzwa, au yacheleweshwa, au yaachiwa vijana wenye hasira, basi kesi ya mpunga yaweza kugeuka kuwa vita.

MSIBA WA RUDEWA MBUYUNI

Haya si maneno ya kutisha watoto. Siku ya Ijumaa, tarehe 8 Desemba 2000, ndani ya mwezi wa Ramadhani, kijiji cha Rudewa Mbuyuni katika wilaya ya Kilosa kilishambuliwa mapema asubuhi na kundi la wafugaji. Watu 38 waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto. Ugomvi uliotangulia ulikuwa ule ule tuliouelezea: mifugo kuingia mashambani, na wanakijiji kukamata ng'ombe.

Yafaa tukumbuke tarehe nyingine ya mwaka ule ule. Tarehe 28 Agosti 2000, katika mji wetu wa Arusha, ulitiwa saini mkataba wa amani wa Burundi. Nchi ile ilikuwa imeingia vitani tangu mwaka 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, na maelfu ya watu wake walikuwa wakimbizi katika mkoa wetu wa Kigoma. Mazungumzo yaliendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyekuwa msuluhishi hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, na baada yake kazi hiyo ikashikwa na Nelson Mandela wa Afrika ya Kusini. Dunia nzima iliisifu Tanzania kwa subira yake.

Kutoka siku ile ya Arusha hadi Ijumaa ile ya Rudewa Mbuyuni ni siku 102 tu. Nchi iliyojua kuwakalisha pamoja maadui wa nchi jirani, na kuwasubiri miaka miwili wapatane, ilikuwa haijawakalisha mkulima na mfugaji wanaokunywa maji ya bonde moja. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Twasema ili ifahamike kwamba sulhu si kazi ya marais na mabalozi peke yao. Inahitajika pia penye tuta la mpunga.

Wala msiba ule haukuwa wa mwisho. Mwezi wa Oktoba 2008 damu ilimwagika tena katika wilaya hiyo, katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mapema mwaka 2009 mamlaka yakaendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika Kilosa. Walioondolewa walilalamika kwamba walitozwa faini nzito na kwamba mifugo yao mingi ilipotea. Je, amani ilipatikana? Miaka iliyofuata ilileta mapigano mengine, na Desemba 2016 wilaya ya Kilosa ilitajwa tena nchi nzima kwa ajili ya mikuki na majeraha. Kumbe kumhamisha mtu si kuumaliza ugomvi.

ARDHI ILIVYOKUWA NYEMBAMBA

Mtu asiyeijua Kilosa atauliza: mbona nchi ni pana, na watu wagombea nini? Jibu lake lahitaji historia kidogo.

Wenyeji wa milima na mabonde yale ni Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao ni wakulima tangu mababu. Katika mbuga za Mkata wamekaa Waparakuyo, ndugu wa Wamasai kwa lugha na desturi, nao pia si wageni wa jana. Walipokuja Wajerumani, na baada yao Waingereza, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya bondeni ilikatwa iwe mashamba makubwa ya katani, na watu wa makabila mengi walikuja kuyafanyia kazi, wakabaki na kuzaa watoto. Mwaka 1964 ikaanzishwa Hifadhi ya Mikumi, nayo ikachukua sehemu ya mbuga za Mkata kwa ajili ya wanyama wa porini. Baadaye bei ya katani ilianguka, mashamba mengi yakageuka pori, lakini pori lile likabaki lina mwenyewe katika karatasi, ingawa mwenyewe haonekani.

Halafu wakaja wafugaji wengine kutoka mbali. Katika miaka ya 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji wengi katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ili kuokoa maji ya mto Ruaha. Waliagizwa kwenda mikoa ya Lindi na Pwani, lakini baadhi yao waliishia katika mabonde ya mkoa wa Morogoro. Hivyo ugomvi uliofukuzwa mahali pamoja ulihamia mahali pengine, pamoja na ng'ombe wake.

Kwa upande wa pili, wakulima nao wameongezeka, nao hufuata maji. Mahali palipokuwa mapito ya ng'ombe kwenda mtoni pamelimwa bustani. Basi mfugaji akitaka kuwanywesha ng'ombe hana budi kukanyaga mboga za mtu, na mkulima akitaka kula hana budi kulima njia ya ng'ombe. Kila mmoja, akisimama mahali pake, aona kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa, na mara nyingi kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

HAKI INAPOUZWA

Lakini uhaba wa ardhi peke yake hauui watu. Ziko nchi nyembamba kuliko Kilosa ambazo watu wake hawachomani mikuki. Mwaka 2009 wataalamu watatu, Tor Benjaminsen wa Norway pamoja na Faustin Maganga na Jumanne Abdallah wa Tanzania, walichapisha uchunguzi wao juu ya mauaji ya Kilosa. Walionyesha kwamba siasa za ardhi, kilimo na mifugo kwa miaka mingi zilimpunguzia mfugaji nafasi. Walionyesha pia kwamba rushwa iliwavunja moyo watu wa pande zote mbili hata wakaacha kuwaamini wenye mamlaka, wakaona ni afadhali kujiamulia wenyewe kwa nguvu.

Tutazame jinsi jambo hili linavyotendeka. Mkulima aenda kushitaki. Aambiwa alete fedha ya safari ya mtu wa kukadiria hasara. Alipa. Kesho yake ng'ombe wamekwisha achiliwa, na yeye hajui kwa nini. Mfugaji naye asema: "Nilitoa fedha nyingi ili ng'ombe wangu waachiliwe, kwa hiyo nimekwisha lipa." Amelipa kweli, lakini hakumlipa mwenye shamba. Fedha imekatika njiani. Mkulima amepoteza mpunga, mfugaji amepoteza fedha, na kila mmoja amwona mwenzake kuwa ndiye mwizi, ilhali mwizi wa tatu amekaa baina yao naye hana jeraha lolote.

Mara nyingine ng'ombe watatu wakiingia shambani, hasara huandikwa kana kwamba waliingia mia. Mara nyingine faini yalipwa serikalini na aliyeharibiwa mazao harudishiwi hata debe moja. Mwenye njaa hashibi kwa stakabadhi ya faini iliyotiwa katika hazina ya mtu mwingine. Ndiyo sababu safari ya pili haendi kushitaki tena, bali huwaita vijana. Na mfugaji naye safari ya pili haendi kuwakomboa ng'ombe kwa fedha, bali huwaita morani.

HUKUMU YA NABII SULEIMANI

Ajabu iliyoje kwamba kesi hii hii, ya wanyama walioingia shambani usiku, imetajwa katika Kurani Tukufu. Katika Sura ya Anbiyaa yasimuliwa kwamba Nabii Daudi na Nabii Suleimani, amani iwe juu yao, waliamua habari ya shamba ambalo kondoo wa watu walilishambulia usiku, na kwamba Mwenyezi Mungu alimfahamisha Suleimani namna ya kuamua, na wote wawili aliwapa hekima na elimu.

Wafasiri wameeleza habari yenyewe. Daudi aliona kwamba hasara ya shamba yalingana na thamani ya kondoo, akaamua kondoo wapewe mwenye shamba. Suleimani, aliyekuwa bado kijana, akaona njia nyingine: mwenye kondoo alitunze shamba lile mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na katika muda huo mwenye shamba awachukue kondoo, anufaike kwa maziwa, sufu na wana wao. Shamba likisha kurudi hali yake, kila mtu achukue mali yake.

Tuifikiri hukumu hii kidogo, kwani ndani yake mna mambo matatu ambayo twayakosa. La kwanza, malipo yalimwendea yule aliyeharibiwa, wala hayakukatika njiani. La pili, malipo yalikuwa na kiasi na mwisho: yalipimwa kwa hasara yenyewe, na hasara ilipokwisha, deni nalo likaisha. La tatu, hakuna aliyefilisiwa. Baada ya hukumu mkulima alibaki mkulima, na mchungaji alibaki mchungaji, nao waliendelea kuwa majirani. Ukimnyang'anya mfugaji ng'ombe wake wote hukumpa adhabu tu, bali umemfanya mtu asiye na cha kupoteza. Na mtu wa namna hiyo ndiye wa kuogopwa. Vile vile ukimwacha mkulima bila fidia umemfanya asiye na cha kungoja.

MCHANA KWA MKULIMA, USIKU KWA MFUGAJI

Wakati wa Mtume Muhammad (s.a.w.) kesi kama hii ilitokea Madina. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik na katika mkusanyo wa Abu Daud kwamba ngamia wa sahaba Al-Baraa bin Azib aliingia katika bustani ya watu akaiharibu. Mtume akaamua kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wawalinde wanyama wao usiku, na kwamba kinachoharibiwa na wanyama usiku ni dhamana ya wenye wanyama.

Hapa hapana upendeleo kwa kabila wala kwa kazi. Kila mmoja amepewa zamu yake ya kukesha. Mchana wanyama hawana budi kutoka kwenda malishoni, basi mkulima awe macho. Usiku mahali pa wanyama ni zizini, basi mfugaji awe macho. Ng'ombe wakikutwa mpungani usiku, hapana haja ya mabishano marefu: zamu ilikuwa ya nani? Kanuni fupi kama hii, inayofahamika kwa mtoto na kwa mzee, yazuia mengi kuliko bunduki kumi. Wanakijiji wa Mvumi na wafugaji wa jirani, wawe Waislamu au Wakristo au watu wa dini ya mababu, waweza kuipatana kwa hiari yao, kwani ni kanuni ya akili na uadilifu, wala haimdai mtu aache imani yake.

BARAZA LILILO MLANGONI PETU

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo ya zamani, leo tuna serikali na sheria. Ni kweli, na sheria zetu zimetuachia nafasi ya kusuluhishana kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, miezi mitano hivi baada ya msiba wa Rudewa Mbuyuni. Sheria hiyo yataka kijiji kiwe na Baraza la Ardhi lenye wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha, si kuadhibu. Sheria hiyo hiyo yaruhusu mapatano ya wakulima na wafugaji ya kutumia ardhi moja kwa nyakati mbalimbali: baada ya mavuno ng'ombe waingie kula mabua, nao waache samadi shambani, na kabla ya kupanda watoke. Tena kijiji chaweza kupendekeza sheria ndogo zake juu ya njia za ng'ombe, mahali pa kunyweshea, na namna ya kukadiria mazao yaliyoharibiwa. Migogoro ya ardhi yaweza kupelekwa katika Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake katika jambo hilo ni kusuluhisha tu, na lisipofanikiwa katika siku 30 mdai aweza kwenda mbele katika Baraza la Wilaya.

Basi kama vyombo vipo, kilichokosekana ni nini? Yamekosekana mambo mawili. Kwanza, wafugaji mara nyingi hawamo ndani ya baraza. Wakulima huamua, na wafugaji huletewa hukumu. Hukumu isiyokuwa na macho ya pande mbili haiaminiwi, hata ikiwa ya haki. Pili, makadirio ya hasara hufanywa na mtu mmoja, kwa siri, na siri ndiyo nyumba ya rushwa. Kama shamba lililoharibiwa lingetazamwa siku ile ile, mchana, mbele ya mzee mmoja wa wakulima na mzee mmoja wa wafugaji, na hatua zikahesabiwa kwa sauti kila mtu akisikia, nani angeweza kuandika ng'ombe mia badala ya watatu?

Hatusemi kwamba jambo hili ni rahisi. Wako wafugaji wenye mali nyingi wanaoona fidia kuwa ni nauli tu ya kulishia mashamba ya maskini. Wako wakulima wanaolima katikati ya njia ya ng'ombe makusudi, wakingoja faini kama wengine wanavyongoja mavuno. Watu hao wawili wafanana, na wote wawili hupata nguvu pale ambapo watu wema wanyamaza.

WAJIBU WA NYUMBA ZETU

Sulhu huanza nyumbani, kwani vijana hujifunza nyumbani ni nani wa kumheshimu na ni nani wa kumdharau. Baba anayemwita jirani yake kwa jina la kabila tu, kwa kejeli, mbele ya watoto, asishangae mwanawe akishika rungu. Mzee wa boma anayewasifu morani kwa kuwachungia ng'ombe katika mahindi ya watu, asishangae siku wakirudishwa kwake wamebebwa.

Mama zetu wana nafasi kubwa. Mama wa Kiparakuyo auza maziwa, na mama wa Kikaguru anunua. Huyu auza unga, na yule anunua. Wajuana kwa majina na kwa watoto. Wakati wanaume wanapohesabiana makosa, wanawake hao bado wanahesabiana vibaba. Kuwapo kwa wanawake watatu katika Baraza la Ardhi kusiwe jambo la kujaza viti tu. Wachaguliwe wale wanaojuana na upande wa pili, na maneno yao yasikilizwe.

Nanyi vijana, mna simu mikononi, na habari ya ng'ombe watatu yaweza kufika Dumila kabla ya jua kutoka, ikiwa imekwisha kuwa habari ya ng'ombe mia na watu kumi waliouawa. Kabla ya kuipeleka habari, ulizeni: nani aliona? Uvumi umemwaga damu nyingi kuliko ukweli. Na mtu akiwaita usiku mwende kulipiza kisasi, mwambieni kwamba kuna asubuhi, na kuna wazee.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Kilosa ni shamba moja lililokanyagwa na mwenyewe asilipwe. Na ukuta tuliolazimika kuujenga baadaye ni makaburi 38 ya Rudewa Mbuyuni.

Turudi basi katika shamba lile la Mvumi. Jua limepanda. Mkulima amesimama kwenye tuta lililobomoka, na mfugaji amefika na fimbo yake mkononi. Wazee wawili wapima hatua kwa sauti, huyu kwa Kikaguru, yule kwa Kimaa, na wote kwa Kiswahili. Hasara yatajwa, na mwenye ng'ombe aikubali. Ng'ombe mmoja mwenye maziwa atabaki kwa mkulima mpaka mpunga wa msimu ujao, na kijana aliyelala zamu atakuja kusaidia kulijenga tuta. Ng'ombe wengine wafunguliwa, waondoka.

Haitaandikwa gazetini, kwani siku ambayo watu hawakuuana haina habari. Lakini usiku ule, bomani na kijijini, watoto watalala.